Jina Moja kwenye Bahasha

Mtu akisimulia jinsi kozi za uhandisi za mtandaoni zilivyoingia mitaani kwetu, huanzia baharini. Hutaja kebo za SEACOM na TEAMS zilizofika Mombasa mwaka 2009, hueleza jinsi intaneti ilivyoacha kutegemea setilaiti na bei ikaanza kushuka, kisha huruka hadi kwa kijana wa Kibera aliyejikunyata kitandani usiku, simu mkononi, akijifundisha uhandisi peke yake. Kebo zilifika kweli na bei ilishuka kweli. Huyo kijana wa peke yake ndiye simjui.

Nimekulia Makina, Kibera, kibandani kwa mjomba wangu aliyekuwa fundi wa redio. Leo nina kibanda changu Gatina, Kawangware, natengeneza redio, spika, inveta na chaja, na jioni vijana hukusanyika hapo kusoma kozi za saketi kwa simu zao na kompyuta moja ya mitumba. Kwa umri wangu wote kati ya mitaa hii miwili, sijaona mtu aliyeijua saketi bila wenzake. Wote wamejifunza kwa kundi, na kundi hilo lina historia ndefu kuliko kebo. Hiyo ndiyo nitakayoisimulia, nami nitaianzia nchi kavu.

Kibera ilianza kama makazi ya askari. Wanubi waliotumikia King's African Rifles walianza kukaa pale mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Waliruhusiwa kukaa, hati ya kumiliki hawakupewa. Hapo pakazaa mengi. Mtu asiye na hati hajengi kwa mawe. Hujenga kwa udongo na mabati, na anayekodi upande wa mbele wa nyumba hiyo ili afungue kibanda anajua kwamba siku yoyote huenda akahama. Kawangware ni habari nyingine. Ilikuwa sehemu ya Dagoretti, mashamba ya familia za Wakikuyu, na ardhi yake ilipimwa na kuandikiwa hati katika mpango wa kuunganisha mashamba wa miaka ya 1950. Mipaka ya jiji ilipopanuliwa wakati wa uhuru, Dagoretti iliingia Nairobi pamoja na wenye ardhi wake. Ndiyo maana Kawangware kuna mwenye ploti, kuna kodi ya mwisho wa mwezi, na mara nyingi kuna mita ya stima inayojulikana ni ya nani. Fundi wa Kawangware aliweza kupigilia rafu ukutani. Fundi wa Kibera alilazimika kuwa na shule inayobebeka, na shule inayobebeka kuliko zote ni watu.

Ujuzi wenyewe ulitoka mbali kidogo. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilileta karakana, na katika karakana hizo na madukani mjini, sehemu kubwa ya ufundi ilikuwa mikononi mwa Wahindi. Mwafrika aliingia kama msaidizi: kufagia, kushika taa, kupuliza moto. Kenneth King, msomi aliyewafuatilia mafundi wa Kenya kwa miaka mingi, alieleza katika kitabu chake The African Artisan cha mwaka 1977 jinsi ujuzi ulivyohama kutoka kwa fundi Mhindi hadi kwa msaidizi wake, kisha ukasambaa kwa wenzake barabarani, kila mmoja akiubadilisha kidogo. Koroboi zilizotengenezwa kwa makopo zilienea hivyo. Hakuna aliyeandika mtaala wa koroboi, lakini ilifika kila nyumba isiyo na stima.

Serikali ilichelewa kuliona hilo. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya, ukawaambia wakubwa jambo ambalo kila mtu wa Kibera alilijua: watu wasio na kazi za ofisini walikuwa wanafanya kazi, tena kazi yenye faida. Miaka 13 ikapita kabla Rais Moi hajawatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 na kuwaahidi mabanda ya kuwakinga na jua. Mwaka 1988 ikaundwa wizara ya mafunzo ya kiufundi, na 1992 ukatoka waraka rasmi wa serikali kuhusu biashara ndogo na jua kali, yaani mafundi hao wa juani. Nayathamini yote hayo. Ila kilichozungumzwa zaidi kilikuwa paa, mkopo na soko. Namna fundi mmoja anavyomfundisha mwenzake iliachwa ijiendeshe, kwa hiyo ikaendelea kujiendesha.

Mjomba alianza katika duka la Mhindi karibu na River Road, akifagia na kupanga vipuri. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Aliruhusiwa kutazama, na kutazama kulimtosha kwa kuanzia. Alipofungua kibanda chake Makina aliifuata njia hiyo hiyo, lakini akaongeza desturi moja ambayo naiona ndiyo urithi wake: kazi haikukabidhiwa mtu mmoja. Redio ikiletwa imekufa, iliwekwa katikati ya meza, na kila aliyekuwepo alipaswa kusema anachofikiri kabla ya mtu yeyote kushika chuma cha kulehemu.

Njia ya kutafuta ugonjwa wa redio ya betri niliijua hapo kabla sijaweza kuliandika neno amplifaya. Unaanzia nyuma, kwenye spika, ukirudi kuelekea antena. Unafungua sauti hadi mwisho, kisha unagusa mguu wa kati wa kitufe cha sauti kwa ncha ya bisibisi, kidole chako kikiwa juu ya chuma chake. Spika ikinguruma, basi kuanzia hapo hadi kwenye spika kuko hai na ugonjwa uko upande wa antena. Ikinyamaza, ugonjwa uko kati ya kidole chako na spika. Kwa mguso mmoja umeigawa redio nusu mbili na nusu moja umeitoa lawamani. Unaigawa iliyobaki tena, na tena, hadi unabaki na transista moja au waya mmoja uliokatika. Miaka mingi baadaye nilizikuta kozi za uhandisi zikifundisha mbinu hiyo ya kugawa tatizo nusu kwa nusu, pamoja na michoro mizuri. Sisi tuliipata kwa kidole, na tuliipata kwa kelele: mmoja aligusa, mwingine alitega sikio kwenye spika, wa tatu alitaja sehemu inayofuata, na aliyekosea alisahihishwa papo hapo na yeyote, hata mimi niliyekuwa mdogo wao. Rangi za rezista tuliziimba kwa zamu, kutoka sifuri hadi tisa: nyeusi, kahawia, nyekundu, chungwa, manjano, kijani, buluu, zambarau, kijivu, nyeupe.

Kisha kulikuwa na bahasha. Sehemu hii ya historia naona imesahaulika, na bila yake kozi ya mtandaoni huonekana kama kitu kilichodondoka kutoka angani.

Tangu enzi za ukoloni, Mwafrika aliyetaka elimu ambayo shule zilizokuwepo hazikumpa alikuwa akiandikia vyuo vya posta. Rapid Results College na British Tutorial College ni majina ambayo wazee wengi wa Nairobi bado wanayakumbuka. Ulituma ada, ukatumiwa kijitabu cha somo na maswali yake, ukajibu, ukarudisha posta, ukangoja majibu yaliyosahihishwa. Baada ya uhuru serikali nayo iliingia katika njia hiyo. Mwaka 1967 kitengo cha masomo ya posta kilianzishwa Kikuyu, chini ya kilichokuwa bado Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kikitoa masomo ya sekondari kwa barua na kwa vipindi vya redio vya Sauti ya Kenya. Waliofaidika sana ni walimu wa shule za msingi waliotaka kupanda daraja. Kikuyu iko ng'ambo ya Dagoretti, safari fupi kutoka Kawangware. Kwa hiyo mwalimu asiyeonekana, anayefika kwa mawimbi na kwa karatasi, alikuwa jirani yetu zaidi ya nusu karne iliyopita.

Mjomba alijiandikisha kwa kozi ya redio ya posta kutoka ng'ambo. Jina kwenye bahasha lilikuwa lake, sanduku la posta lilikuwa la mwenye duka jirani, na ada waliichanga wanne. Kijitabu kilipofika, aliyekijua Kiingereza kuliko wenzake alisoma kwa sauti akigeuza Kiswahili sentensi baada ya sentensi. Mjomba alifungua redio kuonyesha kilichotajwa. Maswali yalijibiwa na wote, kisha yakanakiliwa na mwenye mwandiko wa kusomeka. Huenda msahihishaji wa huko angeuita udanganyifu. Mimi nasema kozi ile ilikuwa bora Makina kuliko ilivyokuwa kwa mwandishi wake, kwa sababu hakuna sentensi iliyokubaliwa bila kupimwa. Kijitabu kikisema transista ya silikoni hufunguka karibu na volti 0.6, mita ilitolewa. Ama ilikubaliana na kijitabu, ama ilikataa na mabishano yakaanza, na mabishano hayo ndiyo yaliyokuwa somo lenyewe.

Cheti kilipokuja kilikuwa na jina moja. Watatu waliobaki walikuwa na ujuzi ule ule bila karatasi. Mwanzoni haikuwauma, maana mteja wa Makina hakuuliza karatasi. Aliuliza redio itakuwa tayari lini. Ilikuja kuwauma baadaye, vyeti vilipozidi kuwa mlango wa kila kazi ya mshahara na waajiri wa mjini wakaacha kumpa mtu nafasi ya kuonyesha mikono yake. Mmoja wao alikuwa fundi hodari kuliko mjomba, na mjomba mwenyewe alikuwa akilisema hilo hadharani. Alimaliza miaka yake ya kazi akilinda geti Lavington.

Jaribio kubwa la kwanza la kuleta uhandisi kwa skrini lilipita juu ya vichwa vyetu. Mwaka 1997, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kilianza kile kilichoitwa African Virtual University, kikirusha masomo ya sayansi na uhandisi kwa setilaiti hadi vyuo vikuu vya Afrika, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwamo. Mwaka 2002 makao yake makuu yakahamia Nairobi. Masomo yalishuka kwenye dishi la chuo, na aliyekuwa na nafasi chuoni aliyaona. Waliolibuni jaribio hilo walikuwa na nia njema. Waliona mwalimu yuko mbali na mwanafunzi, wakauondoa umbali huo. Umbali wa kutoka Kibera hadi lango la chuo ulibaki palepale.

Saiba, vibanda vya kukodi kompyuta zenye intaneti, zilifika kwetu kabla ya setilaiti yoyote kutukumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ungezikuta Olympic upande wa Kibera na kituo cha 46 upande wa Kawangware, unalipa kwa dakika, na kwa kuwa dakika zilikuwa pesa, benchi moja lilibeba watu watatu: mmoja wa kuchapa, mmoja wa kusoma, mmoja wa kuandika daftarini haraka kabla muda haujaisha. Simu za bei nafuu kutoka China zilipofurika Luthuli Avenue, vijana waliokuwa wakitengeneza redio walihamia simu. Waliotoka kwenye mabenchi ya saiba walijua tayari kugawana skrini.

Mwaka 2009, miezi michache baada ya kebo, kulitokea Kibera jambo ambalo mwanahistoria wa uhandisi wa mitaani hana budi kulitafakari. Kwenye ramani huria za mtandaoni Kibera ilikuwa karibu tupu. Erica Hagen na Mikel Maron walikuja na wazo la kuichora kwenye OpenStreetMap, na waliochora ni vijana 13 wa Kibera yenyewe. Walipewa vifaa vya GPS, wakafundishwa kwa siku chache, wakaingia vijijini mwao kwa miguu: Gatwekera, Soweto, Lindi, Silanga, Kianda, Laini Saba. Waliandika vyoo, mabomba ya maji, shule, zahanati, makanisa, misikiti. Mradi ukaitwa Map Kibera.

Upimaji ni uhandisi, hata kama vijana wale hawakuambiwa hivyo. Nakumbuka nikiwaona karibu na reli wakibishana kama njia fulani inapitika mvua ikinyesha. Kifaa kilisema njia ipo. Kijana wa Lindi alisema ipo kiangazi tu. Mashine isingeweza kulijua hilo, na kijana asingeweza kulichora bila mashine, na mwenzake wa Silanga alikuwepo kumuuliza ana ushahidi gani. Hivi ndivyo ramani ile ilivyopata ukweli wake. Mwaka huo huo sensa ilihesabu watu 170,070 Kibera, wakati ulimwengu ulikuwa umezoea kusikia habari za milioni nzima. Watu walikasirikia namba hiyo na wengine bado hawaikubali. Mimi nilifurahia kwamba kwa mara ya kwanza mabishano kuhusu ukubwa wa Kibera yaliweza kufanyika juu ya ramani tuliyoichora wenyewe.

Katika miaka iliyofuata, Tunapanda Institute ilianza kufundisha vijana Kibera teknolojia, usanifu na biashara kwa kozi za miezi mitatu, ikitegemea sana waliotangulia kuwashika mkono waliofuata. Kisha wakafunga antena kutoka paa hadi paa, mtandao wa jamii walioupa jina TunapandaNET, ukaunganisha shule na vituo vya vijana. Nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa kozi zao. Kijana anayepanda paa kuelekeza antena, huku mwenzake chini akimtajia nguvu ya mawimbi kwa sauti, anajifunza redio kama tulivyojifunza sisi, mmoja juu ya kifaa na mwingine kwenye sikio. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii kama hiyo, na kazi ya mapaani ikapata jina katika vitabu vya serikali. Kampuni ya poa! Internet nayo ilianzia Kibera ikaenea hadi Kawangware. Huku Gatina, mtu mmoja akilipia mtandao wa nyumbani, video za kozi hupakuliwa usiku na asubuhi zinatembea kwa kadi ya kumbukumbu kutoka simu hadi simu.

Julai 2018 nyumba, shule na vibanda vilibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu wapatao 30,000 wakaondoka. Baadhi ya mafundi walikuja Kawangware. Hawakuja na mabati yao. Walikuja na makundi yao, na nusu ya kundi letu la jioni imetokana nao.

Sasa nirudi nyuma kidogo, hadi Machi 2012, MIT ya Marekani ilipofungua kozi yake ya kwanza ya mtandaoni kwa mtu yeyote bila malipo: Saketi na Elektroniki, ikiongozwa na Anant Agarwal. Walijiandikisha karibu watu 155,000. Waliopata cheti walikuwa 7,157. Namba hizo mbili zilibishaniwa sana. Wengine waliona ushindi, wengine waliona watu wengi mno walioacha njiani. Mimi huzisoma nikiwa na bahasha ya mjomba akilini, nami hujiuliza kila jina lililosajiliwa lilikuwa na watu wangapi nyuma yake. Hakuna fomu iliyoandaliwa ya kuwahesabu.

Watafiti walioichunguza kozi hiyo, Lori Breslow na wenzake, walichapisha matokeo yao mwaka 2013. Katika yote waliyoyajua kuhusu wanafunzi walikotoka, lililohusiana zaidi na alama nzuri ni kama mtu alifanya kazi hiyo na mwenzake ana kwa ana, nje ya mtandao. Aliyefanya hivyo na mwanakozi mwingine au na mtu aliyeijua fani alitarajiwa kupata karibu alama tatu zaidi ya aliyesoma peke yake. Alama tatu si mlima. Lakini kozi ilikuwa imetengenezwa kwa uangalifu mkubwa, kwa ajili ya mtu mmoja mbele ya skrini moja, na bado kilichosaidia kuliko vingine kilikuwa mtu aliyeketi kando yake.

Nimeyaona hayo Gatina kwa macho yangu. Kundi letu lina kijana aliyemaliza kidato cha nne akiwa na alama nzuri ya hesabu, msichana anayefunga waya za nyumba, mzee aliyetengeneza redio Kibera kabla vijana hawa hawajazaliwa, na wengine wanaokuja na kuondoka kadiri vibarua vinavyopatikana. Jioni moja tulikuwa kwenye somo la kugawanya volti. Rezista mbili zinazolingana, betri ya volti 9. Katikati yake kozi inasema volti 4.5. Kijana akaunganisha rezista mbili za kiloomu 100, akaweka mita yangu ya mshale. Ikasoma chini kidogo ya volti 1.3.

"Mathe, mita yako imekufa," akasema.

Mzee akasema haijakufa, inakula. Ukiipeleka penye rezista kubwa, hujilisha yenyewe kwanza kabla haijakuambia kitu. Alikuwa ameyajua hayo tangu ujana wake na alikuwa akikwepa kupima sehemu hizo, lakini inakula kiasi gani hakuwahi kujua. Msichana akaigeuza mita kwenye mwanga akasoma maandishi madogo usoni mwake: oomu 2,000 kwa kila volti. Tulikuwa kwenye kipimo cha volti 10, kwa hiyo mita yenyewe ilikuwa rezista ya kiloomu 20, imewekwa sambamba na ile ya 100. Kijana akakokotoa: zote mbili pamoja ni kama kiloomu 16.7. Mara 9, gawanya kwa 116.7. Volti 1.29.

Mzee aliomba hesabu irudiwe polepole, kisha akaomba ifanywe kwa rezista ndogo za kiloomu 1. Jibu likaja volti 4.39, na mita ilipowekwa mshale ukasimama karibu na 4.4. Hapo akaelewa kwa nini mita ile ile ilikuwa ikimwambia kweli upande wa spika na kumpotosha upande wa antena miaka yote. Na kijana akaelewa kwamba mchoro wa kwenye video hauna mtu anayepima, ilhali saketi ya mezani inaye. Video ya wiki hiyo haikuwa na lolote kuhusu mita. Nani alimfundisha nani jioni ile? Sijui niandike jina gani, na mfumo wa kozi ulitaka moja.

Tatizo la bahasha halijaondoka. Akaunti ni ya mtu mmoja, cheti ni cha mtu mmoja, na cheti kinacholipiwa hudai malipo ambayo vijana wengi hawana. Kuna mtihani mmoja tu ambao kwa maoni yangu umeielewa njia yetu ya kujifunza, nao ni wa zamani: mtihani wa ufundi wa serikali, daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambao siku hizi uko chini ya mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA. Nilifanya wa daraja la tatu baada ya miaka ya kibandani. Hukuulizwa ulisoma wapi wala mwalimu wako ni nani. Uliwekewa kazi mbele yako, ukaifanya. Wanawake tulikuwa wachache chumbani, na mimi niliyezoea wateja wanaonipita macho wakimtafuta fundi mwenyewe, niliona raha kupimwa na saketi isiyojua ni mkono wa nani. Mtihani una sehemu ya maandishi pia, na hapo ndipo kozi za mtandaoni zimetufaa sana, kwa kuwa maandishi ndiyo yaliyowaangusha mafundi wengi wa rika la mjomba.

Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilifunguliwa Konza mwaka 2023, kikifundisha kwa mtandao, na mmoja wetu anakusudia kuomba nafasi. Namtakia heri. Hata hivyo nisingependa mtihani wa kushika chuma uachwe ufifie kwa sababu sasa kuna skrini kila mahali. Serikali imeanza kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na ningeomba wanaopanga utaratibu huo waje waone makundi yanavyosoma kabla hawajachora fomu yenye mstari mmoja wa jina.

Kwa sasa tumejipangia wenyewe, kwa njia ambayo kila mama wa Kawangware anaijua. Tumefanya chama. Kila wiki tunachanga kidogo, na fungu likitosha linamlipia mmoja wetu ada ya mtihani. Akimaliza, zamu ni ya mwingine. Kozi mpya ikianza, tunaisajili kwa jina la mwenye zamu, wote tunaisoma, naye ndiye anayebeba jukumu la kuwasilisha kazi kwa wakati. Anayefuata kwenye orodha ni yule mzee. Sehemu ya vitendo haimpi wasiwasi. Maandishi ndiyo yanayompa kazi, kwa hiyo kijana wa hesabu na msichana wa waya wanamsomea maswali kila Jumanne na Alhamisi, naye anawalipa kwa kuwafundisha kusuka upya koili za spika.